Wasichana wa Karakana ya Viatu

Siku waliyoniaga kazini, vijana wa idara walinikabidhi saa ya ukutani na kipaza sauti, wakaniomba niwaambie machache juu ya kulea wanafunzi wa utafiti. Nikasema maneno mawili matatu yanayofaa hadharani, tukala pilau, tukaagana. Haya ninayoyaandika sasa ndiyo niliyotaka kuyasema, ila hayakufaa kuliwa na pilau.

Jina langu Mwanaidi, mzaliwa wa Tanga. Serikali ilinipeleka Guangzhou kusomea afya ya jamii. Kichina nilijifunza kwa sababu ya njaa, maana bila Kichina hakukuwa na namna ya kuagiza chakula. Nilipohitimu, chuo changu cha tiba kikaniomba nibaki. Ilikuwa katika miaka ya mwisho ya tisini, na walikuwa wameanza kupokea wanafunzi wa utafiti kutoka Afrika, wengi wao wahadhiri vijana waliotumwa na vyuo vyao. Muda si muda chuo kikagundua kwamba wahadhiri vijana nao hulia, huumwa matumbo, na hununiana na wasimamizi wao. Akatafutwa mtu wa kushughulikia hayo, nikapatikana mimi. Cheo changu kilikuwa kirefu kuliko meza yangu.

Ofisi niliyopewa ilikuwa stoo ya mifupa ya kufundishia. Mifupa ilihamishwa, lakini si yote. Asubuhi ya kwanza akaingia kijana wa Kisumu, mhadhiri msaidizi, akakaa kitini. Nikamuuliza andiko lake la utafiti limefikia wapi. Akasema vizuri. Nikamuuliza lingine, akasema vizuri. Mwisho nikamuuliza amekula nini jana, na hapo uso ukamvunjika. Alikuwa hatoki chumbani ila kwenda darasani, kwa sababu kila akitoka watu walimshika nywele. Nikamchukua hadi kwa Waislamu wa kaskazini magharibi ya China waliokuwa wakipika tambi karibu na chuo, akala bakuli mbili bila kuinua kichwa. Tangu siku ile, swali la chakula hutangulia swali la andiko. Nanyi fanyeni hivyo.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kawaida: mpira wa kufungia mkono, sindano, vichupa, kasha la barafu la kufungwa nyuma ya baiskeli, hadubini, na kompyuta moja tuliyoigombania. Mwezi wa tatu ukiingia, Guangzhou hutoka jasho. Kuta hulowa, nguo hazikauki, na disketi huota ukungu. Nimemwona mwanafunzi wa Kampala akianika kazi yake ya mwaka mzima dirishani kama dagaa.

Aliyenifundisha kazi ni Profesa Liang. Alikuwa mama mfupi, karibu na kustaafu, aliyepitisha ujana wake mashambani akisaka konokono wa kichocho kwenye maji ya mpunga. Hakuwa mtu wa kusifu. Ukurasa mbaya aliujaza penseli, na mzuri aliuacha mweupe, kwa hiyo wanafunzi walizoea kupekua maandiko yao wakitafuta weupe. Hakumruhusu mtu kugusa kompyuta kabla hajaenda kwa miguu yake kuonana na watu anaotaka kuwaandika. Na mimi alinionya mapema kwamba kumwongoza mwanafunzi si kumchagulia. Kazi yangu, alisema, ni kuhakikisha kwamba anapochagua anajua bei yake.

Elikana alikuja katika msimu wa jasho. Alikuwa mhadhiri msaidizi kutoka Njombe, mrefu hata akawa anainama kila mlangoni, mwimbaji wa kwaya aliyezoea kuimba chinichini akiwa kwenye hadubini. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa baada ya yeye kuondoka. Baba yake alikuwa fundi viatu. Alikufa akiwa amekwisha damu, na nyumbani kila mtu alikuwa na maelezo yake: wapo waliosema malaria, wapo waliosema jirani. Elikana mwenyewe alikumbuka harufu ya gundi. Ndiyo maana alipofika katika jimbo lililokuwa likiunda viatu vya dunia nzima, alitaka kujua gundi inawafanya nini wanaoipaka.

Zahanati moja ya mtaa ilitutafutia karakana pembezoni mwa jiji. Laoban, yaani tajiri mwenye karakana, alikuwa mtu mcheshi. Alitumiminia chai, akasema hana la kuficha. Nami nikawatafsiria wafanyakazi ahadi ya Elikana, msichana mmoja mmoja, mbele yake: tutachukua damu kidogo, na majibu yako utapewa wewe. Laoban akacheka, akasema vyema.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kirefu, madirisha yamefungwa ili vumbi lisinase kwenye gundi. Harufu ilikuwa tamu, kama fenesi lililopita kuiva. Wasichana walikuwa wa Hunan na Sichuan, wamekaa safu mbili, kila mmoja na kopo na brashi, wakipaka soli na kuzisogeza kwa mwenzao. Walilala ghorofa ya juu, juu ya harufu ileile. Profesa Liang alisimama mlangoni akivuta pumzi, kisha akatoka nje, akakaa kwenye jiwe, akasema tuendelee.

Wa kwanza kukunja mkono wa shati alikuwa Chunlan, msichana wa Hunan ambaye hajatimiza ishirini. Aliniomba nimuulize Elikana kama damu ya watu weusi nayo ni nyekundu. Elikana hakutaka tafsiri ya jibu. Alijidunga kidoleni, akamwonyesha. Chumba kizima kikacheka, na Chunlan akanyoosha mkono.

"Basi toa," akasema.

Mkononi mwake kulikuwa na madoa ya zambarau, kama ya mtu aliyefinywa. Alisema amegongwa na kreti.

Elikana alipopima, damu ya wengi ilikuwa pungufu. Ya Chunlan ilikuwa chini mno hata akadhani mashine imeharibika. Akaipima tena, kisha akaweka tone kwenye kioo ahesabu kwa macho yake mwenyewe. Mimi nilikuwa meza ya pili nikisahihisha kazi ya mtu mwingine. Nilijua kuna jambo kwa sababu kuimba kulikoma. Aliniita nitazame. Chembe nyeupe hazikuwapo kwa wingi unaostahili, na zile za kugandisha damu ilibidi kuzitafuta. Uboho wa yule binti, kiwanda cha damu mwilini, ulikuwa umeacha kazi, na yeye alikuwa bado anapaka soli.

Habari zilimfikia laoban kabla hatujamwambia mtu, sijui kwa njia gani. Alipiga simu idarani, kwa upole, akasema majibu yote yapitie kwake na yeye atayashughulikia. Tukielewana hivyo tutakaribishwa hadi mwisho wa utafiti. Tusipoelewana, mlango umefungwa, na karakana za rafiki zake nazo pia.

Elikana akaja ofisini kwangu. Nilimweleza bei yote. Akiwapa wasichana majibu yao, utafiti wake umekwisha ukiwa nusu, na muda wa ufadhili uliobaki hautoshi kuanza upya kwingine. Anaweza kurudi nyumbani bila shahada. Akimpa laoban, ataendelea kukusanya sampuli, na huenda kazi yake ikawasaidia wengi baadaye. Nilimwambia pia kwamba hiyo baadaye ni hoja ya kweli, ila Chunlan hana baadaye ya kukopesha.

Tukaenda kwa Profesa Liang. Alitusikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Nani aliwaahidi kwamba majibu ni yao?"

"Mimi," Elikana akasema.

"Basi wape."

Tuliwasubiri kwenye kichochoro nyuma ya karakana, saa yao ya chakula. Tuliongea na kila mmoja peke yake, mimi nikitafsiri na Elikana akiwa amechuchumaa ili asiwatishe kwa urefu. Tuliwaambia gundi ina sumu inayokula damu, tukawaonya wale ambao hawapaswi kurudi mle ndani hata mara moja. Chunlan alisikiliza huku akila wali. Akauliza kama anaweza kumaliza msimu kwanza. Elikana akasema hapana. Akaendelea kula, polepole.

Kesho yake lango lilikuwa na mnyororo. Wote tuliowapima walifukuzwa, wagonjwa na wazima. Baadhi yao walikuja hadi lango la chuo na mabegi yao, na hawakuja kushukuru. Mmoja, ambaye damu yake haikuwa na tatizo lolote, alimwambia Elikana kwamba alikuwa na kazi na kitanda mpaka alipomkunjulia mkono. Nilitafsiri neno kwa neno, kwa sababu ndiyo kazi ya mkalimani. Elikana alisimama akasikiliza hadi binti yule alipochoka.

Chunlan alikuja mwisho, peke yake, ameshika kitambaa puani. Damu haikukatika. Tulimpeleka hospitali kwa teksi. Profesa Liang akatumia jina lake kumpatia kitanda, na wanafunzi wangu waliofaa kutoa damu walitoa, Mkenya, Mganda, Watanzania, wakipanga foleni mbele ya wauguzi walioshangaa. Elikana alimtembelea kila siku. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Alimfundisha kuhesabu kwa Kiswahili, na binti akamfundisha majina ya mboga. Alasiri moja aliashiria kwamba anatamani peasi. Elikana akashuka kwenda kununua. Aliporudi, nilikuwa nimesimama mlangoni, na hakuniuliza kitu. Aliziweka zile peasi juu ya kabati la kitanda, akazipanga vizuri, kisha akakaa sakafuni kwenye ushoroba, miguu yake mirefu ikiwazuia wauguzi njia. Hakuna aliyemwambia aiondoe.

Baba yake Chunlan alifika kwa treni. Alikuwa mkulima mkavu, amevaa koti zito katika joto lile. Alimtazama binti yake, akatia sahihi alipoonyeshwa, kisha akaniuliza kama huyu ndiye aliyemtoa damu. Nikasema ndiye, nikaanza kueleza kwamba damu ile ilikuwa kidogo sana, haiwezi kumdhuru mtu. Elikana akanishika kiwiko. Alitaka nitafsiri maneno yake, si yangu. Akamwambia mzee habari za gundi, na kwamba baba yake mwenyewe alikufa hivyohivyo, na kwamba anaomba radhi hakufika mapema zaidi.

 Mzee akasema laoban si mtu mbaya. Baada ya Chunlan kufukuzwa, alimchukua mdogo wake, Chunhua, kwenye nafasi ileile.

Sikutafsiri mara moja. Elikana aliona uso wangu, akasema, "Dada, niambie."

Nikamwambia. Tulimsihi mzee amtoe yule mdogo. Alisema atamwandikia. Lakini karakana ilikuwa imehama, na yeye hakujua imehamia wapi, alijua tu kwamba binti yake anakula na analala. Akaondoka na majivu ya mkubwa ndani ya mfuko wa plastiki, ameukumbatia kifuani.

Siku hizo Waswahili wa biashara walikuwa bado wachache Guangzhou. Mmoja wao alikuwa Kheri wa Unguja, niliyezoeana naye tukitoka kuswali Ijumaa. Alikuwa akinunua vitu vya watoto na daftari kwenye maduka ya mtaa wa Yide Lu, nguo kwenye soko la Shisanhang, na viatu popote vilipokuwa rahisi. Nilipomsimulia mkasa huu, akaniuliza viatu vyenyewe vilikuwa na alama gani. Nikamwambia. Akafumba macho.

"Bi Mwanaidi, laoban huyo mtu wangu," akasema. "Viatu vyake ndivyo vinavyoniweka mjini. Akijua nimekuonyesha kwake, kesho nikienda ataniambia meiyou."

Meiyou ni "hakuna", na hakuna neno ambalo mfanyabiashara wa Guangzhou aliliogopa zaidi. Sikumbembeleza. Alikunywa chai yake mpaka ikaisha. Kisha akachana kipande cha boksi la viatu, akachora barabara, daraja, na duka la matairi, akanipa. Aliomba jina lake lisitajwe, na hapa nimelibadilisha.

Tulikwenda mimi na Elikana. Mlinzi alikubali kumwita Chunhua kwa dakika chache. Akatoka akijifuta mikono, mdogo kuliko nilivyodhani, ana kicheko cha dada yake kwenye macho ingawa hakucheka. Tulimweleza yote, langoni palepale. Alijua nusu yake. Aliuliza kama dada yake aliumia sana. Nilimwambia ukweli, kwamba mwishoni hakuumia. Kisha akamgeukia Elikana.

"Mna kazi nyingine ya kunipa?"

Elikana hakuhitaji tafsiri, Kichina cha aina hiyo kilikuwa kimemwingia. Alinitazama. Mimi nilikuwa na stoo ya mifupa na cheo kirefu. Nikamwambia binti kwamba tutamtafutia, kwamba anipe muda. Akasema muda utakapofika nije tena. Akatushukuru kwa kumtunza dada yake, akainamisha kichwa, akarudi ndani. Tulisikia mlango ukifungwa, na harufu ile tamu ikabaki nasi pale nje.

Nilimtafutia. Niliuliza jikoni kwetu, nikauliza kwa wapika tambi, nikauliza wake wa maprofesa kama wanahitaji msichana wa kazi. Wengine walitaka mtu wa mjini, wengine walitaka mtu mwenye vibali ambavyo Chunhua hakuwa navyo. Profesa Liang aliandika taarifa kwa wahusika, na wakaguzi wakaenda. Walipofika walikuta madirisha wazi na feni mpya zinazunguka. Profesa alinisimulia hayo kwa sauti yake ya kawaida, kisha akachonga penseli yake mpaka ikabaki fupi.

Sampuli za Elikana hazikutosha kwa tasnifu. Idara ikamshauri aandike juu ya kumbukumbu za zamani za hospitali, wagonjwa wa damu wa miaka iliyopita na kazi walizofanya. Hilo lilikuwa pendekezo la busara, na nililiunga mkono kwa sababu nilitaka arudi kwa mkewe na kitu mkononi. Tulishinda chini ya jengo, kwenye vumbi na joto, tukitafuta mafaili ya watu waliokwisha kufa. Alifanya kazi safi. Kurasa nyingi Profesa Liang alizirudisha nyeupe. Lakini kuimba hakukurudi.

Siku ya kutetea tasnifu ukumbi ulijaa. Wajumbe walimuuliza maswali ya takwimu, akayajibu. Kisha mtahini kutoka nje, mtu mzima mwenye heshima zake ambaye hakujua chochote cha nyuma, akasema kazi ni nzuri ila ina woga. Akauliza kwa nini mtafiti kijana, mwenye nguvu, amejificha kwenye mafaili badala ya kwenda kwenye karakana zenyewe kuwaona wafanyakazi.

 Elikana alishika ukingo wa meza.

"Nilikwenda," akasema.

Mtahini alingoja aendelee. Hakuendelea. Profesa Liang akainua kichwa kutoka kwenye karatasi zake, akaomba swali linalofuata.

Alifaulu. Tulimsindikiza uwanja wa Baiyun, ambao wakati huo ulikuwa katikati ya nyumba za watu, ndege zikipita juu ya nguo zilizoanikwa. Aliwapa wenzake mikono. Kwangu alikuwa na ombi moja, nipite kule karakana mara kwa mara nimjulie hali Chunhua. Nikamwahidi.

Nilikwenda. Mara ya kwanza alitoka akanisalimu, akasema hajambo. Nilimtazama mikono, sikuona madoa. Nilimwomba aje chuoni tumpime, akasema atakuja siku ya mapumziko, na hakuja. Niliporudi tena nilimkuta mlinzi mpya na ghala la mabomba ya chuma. Nikauliza duka la matairi, wakasema watu wa viatu wamehama, hawajui wapi. Nikamtafuta Kheri. Naye alikuwa ameshaambiwa meiyou, akarudi kwao Unguja, ila hakuwahi kunilaumu.

Nilimwandikia Elikana hivyo hivyo, bila kupamba. Barua ile hakuijibu. Baada ya miezi kadhaa aliniandikia nyingine, akanieleza kwamba mtoto wake amemkubali, kwamba amekataa nafasi ya utafiti na sasa anafundisha maafisa afya wa wilaya, na kwamba Njombe kumeingia baridi kali. Akaniuliza kama ninakula vizuri.